Mita ya ampea kwenye betri ya sola: dalili, vyanzo na namba za kujihakikishia

Mfumo mdogo wa sola wa nyumbani au wa dukani, wenye paneli ya wati 200, betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 100, kontrola ya kusimamia uchaji, na inveta ya kuwashia televisheni au mashine ya kunyolea, mara nyingi huja na kipimo kimoja tu: volti. Volti ni kipimo kizuri betri ikiwa imepumzika. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiachwa saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma karibu 12.7. Ikifika nusu husoma karibu 12.2. Lakini ni nani mwenye betri iliyopumzika saa saba mchana? Jua likiwaka inasoma 14, ukiwasha inveta inashuka hadi 12.1, na hakuna hata moja kati ya namba hizo inayokwambia kumebaki nini ndani. Betri za lithiamu ndiyo kabisa, maana volti yake hukaa jirani na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari yake kutoka kujaa hadi kukaribia kuisha.

Ndiyo maana watu hufunga mita ya ampea. Halafu mita inasoma sifuri, au namba zinarukaruka, au inasema betri ina asilimia 90 na baada ya nusu saa nyumba iko gizani. Wengi huishia kununua mita nyingine. Ushauri wangu ni kwamba kabla ya kuilaumu mita, jiulize ni mkondo gani hasa unaopita pale ulipoiweka. Mita nyingi zinazotupwa ni nzima kabisa. Zilikuwa zinapima kwa uaminifu mkondo ambao mwenye nyumba hakukusudia kuupima.

Mahali mita inapokaa

Shanti ni kipande cha metali chenye ukinzani mdogo sana unaojulikana, na hufungwa kwenye waya wa hasi wa betri. Mkondo ukipita, volti ndogo hujitokeza kati ya ncha zake mbili. Mita husoma hiyo volti na kuigeuza kuwa ampea. Shanti iliyoandikwa 100A 75mV hutoa milivolti 75 zikipita ampea 100, kwa hiyo ampea 10 hutoa milivolti 7.5. Iweke hesabu hiyo kichwani, maana ndiyo itakayokuokoa huko mbele.

Kwenye kichwa cha hasi cha betri utoke waya mnene mmoja tu, uende upande mmoja wa shanti. Kila kitu kingine, yaani hasi ya kontrola, hasi ya inveta, hasi ya chaja ya jenereta kama ipo, na hata ile taa ya nje iliyofungwa kwa haraka, vyote viingie upande wa pili. Ni kama zizi lenye lango moja: mbuzi aliyeruka ukuta hahesabiwi.

Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Kontrola nyingi za bei nafuu za aina ya PWM, zile zinazodhibiti chaji kwa kuikata na kuiunganisha paneli harakaharaka, zimeunganisha chanya zote tatu ndani yake, yaani ya paneli, ya betri na ya matumizi, na kazi ya kuwasha na kuzima zinaifanya kwenye upande wa hasi. Ukikusanya hasi ya paneli, hasi ya betri na hasi ya taa kwenye bolti moja kwa nia njema ya kupitisha kila kitu kwenye shanti, umeiruka kontrola yenyewe. Paneli itaendelea kusukuma umeme hata betri ikijaa, na taa hazitakatwa betri ikiisha. Kinachokwenda kwenye shanti ni ile hasi ya kontrola iliyochorwa alama ya betri tu. Hasi ya paneli na hasi ya taa zibaki kwenye matundu yake ya kontrola. Kama huijui kontrola yako, ichomoe nyaya zote, weka maltimita kwenye mlio, na gusa tundu la chanya la paneli pamoja na chanya la betri, kisha chanya la taa. Zikilia zote, ni ya aina hiyo.

Kabla ya kugusa nati

Betri ya volti 12 haikupigi shoti ya kukurusha, na hiyo ndiyo huwafanya watu waizoee vibaya. Spana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja, mamia ya ampea yatapita na spana itageuka nyekundu mkononi mwako. Vua pete na saa ya chuma. Chomoa paneli kwenye kontrola kwanza, ndipo uichomoe betri. Wakati wa kurudisha anza na betri. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu na betri iwezekanavyo.

Maltimita nayo ina hatari yake. Ukitaka kupima ampea, unahamisha waya mwekundu kwenda tundu la 10A. Ukisahau kuurudisha, halafu ukaenda kupima volti kwenye vichwa vya betri, umeiunganisha betri na waya mtupu. Kwenye maltimita nyingi za bei ya chini tundu hilo halina fyuzi kabisa, na pembeni yake pameandikwa kwamba usizidishe sekunde 10. Na usiwahi kuiwasha inveta kupitia maltimita: inapoanza hujaza kapasita zake kwa mkupuo, na huo mkupuo peke yake unatosha kuikata fyuzi ya ndani.

Mita inasoma sifuri na taa zinawaka

Anza kwa macho. Angalia kichwa cha hasi cha betri na uhesabu nyaya. Zikiwa mbili, jibu umeshalipata. Mara nyingi ule wa pili ni wa inveta, kwa sababu nyaya zake zilikuwa fupi na fundi akaona ni rahisi kuzibana moja kwa moja betrini. Uhamishie upande wa pili wa shanti.

Waya ukiwa mmoja tu, washa kitu kinachokula umeme wa kutosha, chukua maltimita, weka kwenye milivolti 200, na gusa zile skrubu mbili ndogo za shanti. Ukiona milivolti kadhaa, mkondo unapita na shanti ni nzima. Tatizo liko kati ya shanti na kioo cha mita. Fuata zile nyaya nyembamba. Skrubu iliyolegea, waya uliokatika ndani ya ganda lake, fyuzi ndogo ya waya mwembamba wa chanya: hivyo vitatu ndivyo vya kwanza kukagua. Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ongeza cha nne, chumvi ya hewani. Lagi, yaani kile kichwa cha metali kinachobanwa mwishoni mwa waya, inakuwa na unga wa kijani unaoonekana kama rangi tu, kumbe chini yake mguso umekwisha. Ifungue, isugue kwa msasa hadi shaba ing'ae, kaza, halafu ipake grisi.

Usipoona milivolti yoyote ilhali taa zinawaka, basi mkondo haupiti hapo. Rudi kutafuta njia ya pembeni.

Zipo mita ndogo za kupachika, zenye nyaya mbili nene na tatu nyembamba na shanti ndani yake, zinazouzwa kama za ampea 10. Nyingi husoma mkondo wa upande mmoja tu. Betri ikitumika zinaonyesha namba, ikichajiwa zinaonyesha 0.00. Huo si ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa. Ukitaka kuona kuingia na kutoka kwa betri unahitaji mita inayoonyesha alama ya kutoa. Vilevile mkondo wa chini ya takriban ampea 0.1 nyingi zake haziuoni kabisa. Na kama mita hiyo inapata umeme wake kutoka betri ileile inayoipima, ule waya mweusi mwembamba kwa kawaida hauhitajiki, kwa kuwa mita inapata hasi yake kupitia ule mnene. Ukiufunga na waya mnene ukalegea siku moja, mkondo wote wa taa utapita kwenye waya mwembamba na kuichoma mita.

Wanaotumia klampu, ile mita inayobana waya bila kuukata, wana sababu zao mbili. Klampu nyingi za bei rahisi hupima AC tu. Waya wa betri ni DC, kwa hiyo itasoma sifuri hata zikipita ampea 50. Tazama kwenye kitufe cha kuzungusha: penye A panapaswa kuwa na mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake, si wimbi peke yake. Sababu ya pili ni kubana nyaya mbili kwa pamoja. Mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana, na unabaki na sifuri safi. Bana waya mmoja, na kabla ya kubana bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri ukiwa umeishika mahali palepale utakapopimia.

Betri za lithiamu zina sababu ya ziada. Ndani mna kadi ya ulinzi inayoitwa BMS, na ikiona volti imeshuka mno au imepanda mno inakata. Hapo mita ya hasi ni sifuri kweli, na ukipima volti kwenye vichwa vya betri unaweza kukuta volti 3 au 5 za ajabuajabu. Kama vifaa vinaendelea kuwaka, basi ni mchana na paneli inavibeba yenyewe. Wingu likipita vitazima.

Kuingia kunasomeka kama kutoka

Nyaya nyembamba zimepishana kwenye skrubu za shanti, au shanti yenyewe imegeuzwa. Badilisha zile nyembamba na umemaliza. Kwenye klampu, ugeuze mshale. Usikubali tu kuizoea alama iliyogeuka, kwa sababu mita inayohesabu ampea-saa itakuwa inaitoa chaji kila jua linapowaka na kuiongeza kila usiku.

Namba ipo lakini si ya kweli

Hii ndiyo dalili inayowasumbua wengi, na ndiyo inayohitaji kipimo cha nje. Tafuta kitu ambacho mkondo wake unaujua. Mimi hupenda taa ya mbele ya gari ya volti 12 na wati 55, kwa kuwa inapatikana kila duka la vipuri na haina ujanja wa kielektroniki ndani yake. Wati 55 kugawa kwa volti 12 ni ampea 4.6, na kwenye betri yenye volti ya juu kidogo itavuta karibu na 5. Usiishike kioo ikiwaka, inachoma. Zima kila kitu kingine, chomoa paneli, iunganishe balbu upande wa matumizi, na pima mara moja kwa maltimita kwenye tundu la 10A ili uwe na namba yako halisi. Linganisha na mita.

Sasa angalia uwiano, si tofauti. Maltimita ikisema 4.8 na mita ikasema 9.6, ni mara mbili kamili, na mara mbili kamili haiji kwa bahati. Mita imewekwa kwa shanti ya 100A 75mV na wewe umefunga ya 50A 75mV. Shanti ya ampea 50 ina ukinzani wa miliomu 1.5, ya ampea 100 ina 0.75, kwa mkondo uleule ile ndogo hutoa milivolti mara mbili, na mita haina namna ya kujua. Kinyume chake ukipata nusu. Ukipata theluthi mbili, yaani 3.2 badala ya 4.8, kuna uwezekano mkubwa shanti yako ni ya milivolti 50 na mita inadhani ni 75. Mita nyingi zina menyu ya kuchagua ukubwa wa shanti, na nyingine hazina, kwa hizo lazima utafute shanti inayolingana. Soma maandishi yaliyogongwa kwenye shanti yenyewe, si yale ya kwenye boksi.

Uwiano usipokuwa mmoja wa hizo, tuseme mita inasoma asilimia 20 au 30 zaidi, tazama nyaya nyembamba zimefungwa wapi. Shanti nzuri ina bolti mbili nene za mkondo na skrubu mbili ndogo za kipimo, zilizo ndani kuelekea katikati. Fundi akifunga nyaya za kipimo kwenye zile bolti nene pamoja na lagi, mita inapima shanti pamoja na ukinzani wa mguso wa lagi. Miliomu 0.2 ni kitu kidogo mno, huwezi hata kuipima kwa maltimita ya kawaida. Lakini juu ya shanti ya miliomu 0.75 ni nyongeza ya zaidi ya robo. Na mguso huo hubadilika kila nati ikilegea au joto likipanda, kwa hiyo leo inazidisha kwa 20 na kesho kwa 35. Hamishia kwenye skrubu ndogo.

Wapo wanaotumia kipande cha waya wa betri wenyewe kama shanti. Waya wa shaba wa milimita 16 za mraba una takriban miliomu 1.1 kwa kila mita, na kwa hesabu hiyo mtu anapata shanti ya bure. Tatizo ni shaba. Ukinzani wake hupanda karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Waya uliopimwa asubuhi kwenye nyuzi 22, mchana chini ya bati ukiwa nyuzi 45, utakuwa unazidisha kwa karibu asilimia 9. Shanti za dukani hutengenezwa kwa manganini, mchanganyiko wa metali ambao ukinzani wake haujali joto sana. Gharama yake ni halali.

Wanaojitengenezea kipimo kwa Arduino, ile kompyuta ndogo ya kadi moja, na kadi ya kupimia mkondo ya ACS712 wakumbuke namba tatu: ile ya ampea 5 hutoa milivolti 185 kwa kila ampea, ya ampea 20 hutoa 100, ya ampea 30 hutoa 66. Ukitumia programu ya moja na kadi ya nyingine, uwiano utakudhihirishia. Pia sifuri yake ni nusu ya volti inayoilisha, kwa hiyo volti 5 za chaja ya simu zikishuka hadi 4.8, sifuri yako nayo imehama. Arduino ya kawaida hugawa volti 5 katika hatua 1024, karibu milivolti 5 kila hatua, kwa hiyo kwa kadi ya ampea 30 huwezi kuona badiliko dogo kuliko takriban ampea 0.07. Na sumaku yoyote karibu, hata ya spika ya redio, itaivuruga. INA219, kadi nyingine ya kupimia mkondo, ni sahihi zaidi, lakini kadi yake ya kawaida ina shanti ya omu 0.1 na mwisho wake ni ampea 3.2. Kwa taa na redio inafaa. Inveta itaichoma.

Namba zinarukaruka

Kwanza tambua zinaruka lini. Kama ni wakati wa kuchaji peke yake, na hasa kuanzia saa nne asubuhi kwenda mbele betri inapokaribia kujaa, ni kontrola ya PWM inafanya kazi yake. Mwanzoni huiunganisha paneli na betri moja kwa moja na mkondo unatulia. Volti ikifika kiwango cha kujaa, kontrola huanza kukata na kuunganisha mara nyingi kwa sekunde ili volti isipite hapo. Mita ya haraka inakamata vipande vya mkondo huo na kuonyesha 7, 0.4, 5, 1. Jaribio lake ni jepesi: washa mzigo mkubwa kidogo, kama inveta na televisheni. Volti itashuka, kontrola itaacha kukatakata, na namba zitatulia. Zikitulia, hakuna kibovu. Chagua mita inayotoa wastani wa sekunde moja au zaidi.

Zikiruka wakati inveta inawaka tu, ni mawimbi ya inveta. Umeme wa AC wa hetzi 50 huvutwa kutoka betrini kwa mapigo 100 kila sekunde. Sokota nyaya mbili za kipimo pamoja toka shanti hadi mita, na usizilaze sambamba na nyaya nene za inveta. Ukiitengeneza mwenyewe, chukua sampuli nyingi ndani ya sekunde nzima kisha utafute wastani.

Zikiruka bila mpangilio, hata kwa balbu ya gari, shika lagi moja baada ya nyingine na uitikise polepole. Ile inayobadilisha namba ndiyo. Usiichukulie kirahisi: mguso wenye miliomu 20 tu, mkondo wa ampea 30 ukipita, hupoteza volti 0.6 na kuzalisha wati 18 za joto mahali padogo kama kidole gumba. Plastiki ya kichwa cha betri huyeyuka kwa chini ya hapo.

Kila kitu kimezimwa na mita bado inasoma

Hapa kuna mambo mawili yanayofanana kwa sura: sifuri iliyohama, na kitu kinachokula kimyakimya. Yatenganishe kwa kuchomoa ule waya mnene mmoja kwenye hasi ya betri, huku mita ikiendelea kupata umeme wake. Mita ikiendelea kuonyesha 0.1 wakati hakuna kinachopita, sifuri imehama. Tafuta kitufe au menyu ya kuirekebisha. Ikienda sifuri, basi kuna mlaji. Rudisha waya, chomoa kifaa kimojakimoja hadi namba ishuke. Mtuhumiwa wa kwanza ni inveta iliyoachwa imewashwa bila kitu: nyingi hula nusu ampea hadi ampea nzima. Nusu ampea kwa saa 12 za usiku ni ampea-saa 6, na kibanda cha kuchaji simu chenye betri ndogo hakiwezi kuzibeba kila siku.

Asilimia zinadanganya

Mita inayoonyesha asilimia haiioni chaji. Inahesabu ampea zinazoingia na kutoka, kama karani wa daftari, na kosa dogo hujikusanya. Sifuri iliyohama kwa ampea 0.1 ni ampea-saa 2.4 kwa siku. Baada ya siku 10 ni 24, robo ya betri yako.

Mara nyingi dawa yake ni kuifanya mita ijue lini betri imejaa kweli. Mita nzuri hurudi 100% pale masharti mawili yanapotimia: volti imefika karibu na ya kujaa, na mkondo wa kuchaji umeshuka hadi asilimia chache za ukubwa wa betri, kwa kawaida 2 hadi 4, na umekaa hivyo kwa dakika kadhaa. Kwa betri ya ampea-saa 100 hizo ni ampea 2 hadi 4. Ukiweka sharti la volti juu kuliko volti ambayo kontrola yako inaifikia, mita haitarudi 100% milele na namba itazidi kuteleza kila siku. Kontrola ikifika 14.4, wewe weka 14.1 au 14.2. Ukiweka chini mno, itatangaza imejaa wingu la kwanza linapopunguza mkondo.

Ufanisi nao una sehemu yake. Betri ya risasi ikipokea ampea-saa 100 hurudisha takriban 85, lithiamu hurudisha karibu zote. Mita iliyowekewa ufanisi wa asilimia 99 kwenye betri ya risasi itakuwa na matumaini kila jioni. Tena ampea-saa 100 zilizoandikwa kwenye betri ya risasi ni kwa matumizi ya polepole, saa 20 kwa ampea 5. Ukivuta ampea 30 kwa inveta utapata pungufu sana, na mita isiyojua hilo itakwambia bado zipo.

Kwa lithiamu, wengine hutegemea asilimia za kwenye programu ya simu inayosoma BMS. Nyingi ya kadi hizo hazihesabu mikondo midogo, kwa hiyo ruta na taa moja ya usiku kucha hazionekani.

Kontrola inasema 8, mita inasema 3

Zote zinaweza kuwa sahihi. Kontrola inaonyesha kinachotoka kwake. Mita ya betri inaonyesha kinachobaki baada ya taa, feni na inveta kuchukua chao. Zima vyote na zikikaribiana, mambo ni shwari. Kwa kontrola za MPPT, zile zinazogeuza volti ya ziada ya paneli kuwa ampea, kuna mkanganyiko mwingine: paneli ikitoa volti 18 na ampea 10, hizo ni wati 180, na kwenye betri ya volti 13.5 baada ya upotevu mdogo utaona karibu ampea 12.7. Ampea zimeongezeka kwa sababu volti imepungua. PWM haiwezi kufanya hivyo, ampea za paneli na za betri hufanana.

Betri mbili sambamba, moja inafanya kazi

Shanti moja haiwezi kukuonyesha hili, kwa kuwa inaona jumla tu. Bana klampu ya DC kwenye waya wa kila betri mzigo ukiwa umewashwa. Ukiona 14 na 6 badala ya 10 na 10, angalia nyaya za mfumo zinapochukulia umeme. Chanya ichukuliwe betri ya kwanza na hasi ichukuliwe ya mwisho, ili mkondo wa kila betri upite urefu uleule wa waya. Ukishafanya hivyo na bado hazilingani, moja ina lagi mbovu au imechoka.

Mita ni sahihi, betri ndiyo tatizo

Asubuhi mkondo unaanza ampea 9, na ndani ya nusu saa umeshuka chini ya 1 huku kontrola ikionyesha 14.4. Mtu anadhani betri imejaa mapema. Pima volti kwa maltimita kwenye vichwa vya betri wakati huohuo mkondo ukiwa bado mkubwa. Kontrola ikisema 14.4 na vichwa vikasema 13.2, volti inapotelea njiani: waya mwembamba mno, au mguso mbaya, au fyuzi iliyolegea kwenye kishikio chake. Kontrola inadhani betri imejaa na inaipunja. Rekebisha waya.

Zikilingana, yaani vichwa navyo vinasoma 14.4 na mkondo umekufa, betri imepoteza uwezo wake. Ithibitishe jioni. Betri ikiwa imejaa kadiri inavyoweza, chomoa paneli, washa balbu ile ya wati 55, na andika saa. Betri nzima ya ampea-saa 100 itaibeba usiku kucha, na asubuhi ikipumzishwa itasoma jirani na 12.2. Ikishuka chini ya 11.5 baada ya saa tatu, zidisha ampea 4.6 mara 3: ni karibu ampea-saa 14, na hizo ndizo zilizobaki ndani ya betri iliyoandikwa 100.